Maziwa Yaliyolala Njiani

Msinipigie makofi bado, mama zangu, maana hamjui ninachokuja kusema. Mchungaji wetu ameniomba nishuhudie kwa Kiswahili cha Biblia ili wageni wetu nao wafuate. Nitajaribu. Nikiteleza nikaangukia Kiswahili cha Uvira mtanisamehe, njo nilichokuta nyumbani.

Habari yenyewe ni ya maziwa. Maziwa yangu mwenyewe, ya kifuani. Naona baba zetu wawili kule nyuma wameinamisha vichwa. Inueni, baba zetu, hakuna mmoja wenu aliyekuzwa kwa chai ya rangi. Na ndani ya hiyo habari ya maziwa kuna wivu. Watu wanasimama hapa wanashuhudia ulevi, wanashuhudia waganga, lakini wivu sijasikia mtu akiushuhudia, na hali ninyi nyote mnaujua mlango wake. Mi nitausema. Wivu ulikaa nami kwenye cherehani, ukala nami nsima, huu ugali wa Malawi, ukapanda nami minibasi. Majina sitataja. Mmoja wa wenye habari hii yuko humu ndani, na ananitazama kama anayeniambia, "Sema vizuri."

Nitasema vizuri.

Mnakumbuka nilivyomngoja mtoto. Miaka mingi nilipita kwenye bomba la maji hapa kambini Dzaleka, wanawake wakinitazama tumboni kabla ya usoni. "Bado?" Bado. "Mnaomba lakini?" Tunaomba. Mpaka Mungu akanipa mvulana, na siku nilipotoka naye hospitali nilipita palepale kwenye bomba, na wala sikuwa na ndoo. Nilipita tu wamwone.

Furaha haikukaa. Mgao ukapunguzwa, mnaukumbuka wakati ule, unga unakwisha kabla mwezi haujafika katikati. Mume wangu alikuwa anafundisha watoto wa kambi, kazi ya kujitolea, na kwa kujitolea mtu hashibi. Ndipo habari ikanifikia kwamba Lilongwe, Old Town, nyuma ya soko la Tsoka, kuna karakana ya kushona sare za shule na inatafuta fundi wa kola. Ndugu zangu, mikono na mifuko kila mtu anashona. Kola njo mtihani wa fundi. Mi kola nilifundishwa na baba yangu, kule kwetu Uvira, kwenye baraza ya duka la watu, na nilipoenda kuonyesha kazi walinichukua siku ileile.

Mwenye karakana alikuwa mama mtu mzima, Mhindi wa kuzaliwa hapahapa Malawi, tukimwita Madam Mkubwa. Hakuwa mtu mbaya. Nilipomwambia nina mtoto anayenyonya, alinyoosha kidole. Akanionyesha mikasi, pasi za moto, sindano zilizoanguka sakafuni. "Kazi ni yako," akasema. "Mtoto hapana." Ningesema nini? Hata mi nisingeweka mtoto pale chini.

Hapo njo wifi yangu anaingia. Ni dada ya mume wangu, tulikuwa tumepakana naye ukuta kwa ukuta hapa Dzaleka, na alikuwa bado ananyonyesha binti yake aliyekwisha kuanza kutembea. Alikuja jioni akaketi kwenye mkeka wangu, akasema, "Umuachie kwangu. Ziwa iko mbili. Moja ya wangu, moja ya wako." Kwetu shangazi ni baba wa kike, mnajua, na mtoto wa kaka hakataliwi ziwa. Tulikwenda kliniki tukapimwa sote wawili, tukaonekana wazima. Nikamshukuru wifi yangu mpaka nikalia. Nikaenda zangu Lilongwe, nikapata kitanda kwenye chumba cha Wakongomani wenzangu kule Mtandire, nikawa mtu wa kurudi Jumamosi na kuondoka Jumatatu alfajiri.

Sasa nawaambia ile Jumamosi ya kwanza.

Wiki nzima nilikuwa nimebana kifua kwa vitambaa. Kifua kilikuwa kigumu kama magunia ya chumvi. Nikashuka njiapanda ya Dowa, nikapanda kabaza, nikamwambia mwenye baiskeli akanyage. Nafika mlangoni, namsikia mtoto wangu analia, maziwa yakaanza kutoka yenyewe kabla sijavua viatu. Nikanyoosha mikono. Wifi akasimama katikati.

"We, ngoja kwanza. Usimushike."

"Kuna nini?"

"Umetokea Lilongwe na jua yote ile, na vumbi, na hasira ya kazi. Hiyo maziwa imelala mu njia. Ukimunyonyesha nayo, tumbo itamuharibika. Enda ukamue."

Ninyi mama zangu wa Fizi msicheke, ninyi njo mliotufundisha. Maziwa yaliyolala. Maziwa ya moto. Mama akitoka safari ndefu, akamue kwanza, aoge, akae moyo upoe, ndipo anyonyeshe. Mi mwenyewe nilikuwa nayaamini hayo. Basi nikaenda nyuma ya nyumba, pale tunapomwaga maji ya vyombo, nikainama nikakamua. Maziwa ya wiki nzima. Nikayatazama yanavyoingia kwenye vumbi, na ndani ya nyumba mtoto akanyamaza. Nilijua amenyamazishwa na nini.

Niliporudi, nimeoga, nimekaa, moyo umepoa kama walivyotaka, mtoto alikuwa amelala mapajani kwa wifi yangu. Mdomo wazi, tone la maziwa kidevuni. Lilikuwa tone la mwenzangu. Nikalipangusa kwa kidole, na nawaambia, ndugu zangu, nilitamani nimpanguse na yeye aliyelitoa.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Nakuja, nakamua, vumbi linakunywa, mtoto amelala. Akiamka usiku nanyonyesha kidogo, lakini anageuza shingo, anatafuta. Wifi alikuwa na kikwembe kimoja, hiki Wamalawi wanachokiita chitenje, cha kijani chenye ndege wa manjano. Alimbebea humo, alimlazia humo, alimpangusa pua kwa hicho hicho. Mtoto wangu akikiona kile kikwembe alikuwa anatupa miguu kama anayeendesha baiskeli. Akiniona mi, ananitazama kwa heshima, kama mgeni wa kanisa.

Jumamosi moja nafika, wifi ananipokea anacheka. "Kuya uone! Ameota jino!" Alikuwa ameliona siku nyingi, majirani wote wamekwisha kuliona, hata mwenye kuuza mandazi pale kona alikuwa amelishika kwa kidole. Nikasema, "Asifiwe Mungu." Moyoni sikumsifu mtu.

Nilimwonea wivu, mama zangu. Niliona wivu kwa kifua chake. Nikiwa Mtandire namwota, na katika ndoto nanyang'anya kile kikwembe.

Mngedhani kule kazini ningepumzika. Hapana, wivu wa pili ulikuwa unaningojea Old Town. Mtoto wa Madam Mkubwa alikuwa ameoa, na mkewe, sisi tukimwita Madam Mdogo, alikuwa amejifungua karibu mwezi mmoja na mimi. Yeye alikuwa anakuja dukani na mtoto wake. Pale juu ya karakana kulikuwa na ofisi yenye feni na kiti cha mto, na yaya wa kumpokea. Sisi chini tunakanyaga mashine, na juu mtoto analia.

Sasa wenye kunyonyesha mnanielewa. Ziwa halina macho. Halijui huyu anayelia ni mtoto wa nani. Yule mtoto akilia juu, maziwa yangu yanashuka chini. Nilikuwa najaza sidiria mabaki ya vitambaa vya shati, yanalowa, nabadilisha. Mwezi wa Oktoba, joto la kupasua kichwa, mi nimevaa sweta. Mwenzangu mmoja, mama wa Kimalawi aliyekuwa akishona vifungo, aliniuliza kama nina homa. Nikamwambia ndiyo. Alinitazama kifuani, akasema tu, "Pepani, achemwali." Pole, dada. Alikuwa amezaa sita, hakuhitaji kuambiwa.

Na msidhani ningeweza kuamka nikatoka nikajikamua ninapotaka. Pale tulikuwa tunashona kwa mfuatano. Mi natia kola, nampa wa mikono, wa mikono anampa wa pindo, wa pindo anampa mama wa vifungo. Kola ikisimama wote wanasimama, wananigeukia. Kwa hiyo nilikuwa nakaa. Yule juu ananyonyesha kwenye feni, mi chini nalowana, na wangu yuko Dzaleka anaota jino la pili kwenye kikwembe cha mtu.

Shule zikakaribia kufunguliwa, kazi ikawa nyingi, mashati meupe yamejaa mpaka madirishani. Siku hiyo mtoto wa juu alilia asubuhi nzima. Alilia, akalia. Mi nimeinamia mashine, nakaza kola, sikuona. Mama wa vifungo njo aliyeona. Mashati manne, matano, yote yana alama mbele, alama ya majimaji iliyokaukia rangi ya manjano. Madam Mkubwa akasimamisha mashine zote. Akainua shati moja juu, akauliza, nani amemwaga chai?

Nikavuta sweta mbele. Nilikuwa naona kazi yangu inaondoka na mgao wa nyumba yangu nyuma yake.

Madam Mdogo alikuwa anashuka ngazi na mtoto begani. Akalichukua lile shati. Akalileta puani. Akatutazama mmoja mmoja, mpaka akafika kwenye sweta langu.

"Mwana ali kuti?" akaniuliza kwa Chichewa. Mtoto yuko wapi?

"Ali ku Dzaleka."

Akaniambia nipande naye ofisini. Nikapanda nikijua nafukuzwa. Akafunga mlango, akaketi, na ndugu zangu, badala ya kunifukuza akaanza kulia. Akasema kwa ile Chichewa yake ya haraka, nami nawapa kwa Kiswahili: "Wewe unamwaga maziwa kwenye mashati mazima, mimi sina. Mtoto ananyonya, hapati, analia. Mama mkwe anasimama juu yangu, anasema leta kopo, leta maziwa ya kopo. Kila siku nakutazama hapo chini kupitia dirishani. Sweta lako limelowa mpaka mkanda. Nakuonea wivu mpaka silali."

Nilitaka kucheka. Feni inazunguka juu ya kichwa changu, kiti cha mto kiko pale, na mwenye navyo ananionea wivu mi wa Mtandire!

Kisha akauliza lile aliloniitia. Akamshika mtoto mbele, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mnyonyeshe wewe. Kidogo tu. Hakuna atakayejua."

Hapo kicheko kilikauka. Nilihisi kama mtu aliyeibiwa kuku na sasa anaombwa mayai. Wifi yangu amechukua mtoto, huyu anataka maziwa, mi nitabaki na nini, sweta? Mtoto wake akalia, na maziwa yangu, yale yasiyo na aibu, yakamwitikia palepale. Lakini nikakaza mikono. Nikasema, "Madam, haya yana mwenyewe. Mwenyewe yuko Dzaleka, na ninamwaga yake kwenye vumbi kila Jumamosi. Mlete wangu hapa kwanza, ndipo tuongee mengine."

Nilisema hivyo huku najua naweza kufukuzwa. Kazi yenyewe sikuwa na kibali cha kuigombania mahali popote, mnaijua hali yetu sisi watu wa kambi. Yeye akamrudisha mtoto begani. Akasema, "Rudi kwenye mashine."

Kesho yake nafika, nakuta mafundi wanahamisha vitambaa kutoka stoo ya nyuma. Palikuwa na mkeka, na viti viwili vya chini, na mlango una pazia la kitambaa cha sare. Madam Mdogo alikuwa amegombana na mama mkwe wake nyumba nzima ikasikia. Alimwambia kwamba kliniki wamemwagiza amweke mtoto kwenye ziwa mara nyingi na moyo ukiwa umetulia, na kwamba juu, chini ya macho yake, moyo hautulii. Anataka chumba cha nyuma, na anataka mwenzake wa kukaa naye. Mwenzake njo mimi. Madam Mkubwa alikubali kwa neno moja: mashine zisisimame.

Hapo wenzangu wa mstari wakanisaidia. Mama wa vifungo alisema, "Ashone kola za kesho leo." Jambo dogo kabisa, na lilitutoa. Nilikuwa nakuja mapema, nashona kola peke yake, narundika pembeni. Nikienda kunyonyesha, wa mikono anachukua kwenye rundo, kazi inakwenda. Na mtoto akishiba, mama wa vifungo akasema, mgongo wake uko wazi, vifungo havihitaji mgongo.

Basi nikaja Dzaleka kumchukua mtoto wangu. Nilikuja nikiimba.

Wifi alinisikiliza mpaka mwisho, amembeba, kikwembe kimekazwa. Akasema, "Huyu mutoto haendi."

"Wifi, ni mtoto wangu."

"Utamupeleka mu stoo, mu vumbi ya Old Town, anyonye maziwa ya mashini? Nani amemulea? Nani aliona jino yake?"

Hilo la jino lilinichoma. Nikasema neno lililokuwa linanisonga miezi yote ile. "Una wa kwako. Wangu unamtakia nini?"

Binti yake alikuwa anacheza mlangoni na kifuniko cha sufuria. Wifi akamtazama, akasema polepole, "Wa kwangu walikuwa wawili."

Hii habari ameniruhusu niiseme. Alikuwa na mtoto mwingine, kule Fizi, kabla hawajakimbia. Siku moja alitoka shamba, jua kali, mzigo kichwani, mtoto analia, akatua mzigo akamnyonyesha palepale. Mtoto akaharisha. Hakupona. Na bibi zetu waliokuja kwenye msiba wakamwambia, ni yale maziwa ya moto, ungekamua kwanza. "Mi njo nilimuua," wifi akasema. "Wako hautamuua namna hiyo. Mi niko macho."

Mama zangu, miezi yote ile nilimwona mwizi. Nilikaa chini. Wivu bado ulikuwepo, lakini sasa ulikuwa umechanganyika na kitu kingine kinachouma zaidi.

Nikamwambia twende kliniki tukaulize. Akakataa. Mume wangu akaingia kati, akamwambia dada yake, "Enda tu usikie." Tukaenda. Muuguzi alikuwa mama wa Kimalawi, na pembeni yake mkalimani wetu. Nikauliza mimi: mama akitoka safari, maziwa yanalala? Muuguzi akasema hayalali. Yakiwa ndani ya ziwa ni mazima, mama awe ametoka Lilongwe, awe ametoka ng'ambo. Kuhara kunakuja kwa maji machafu na mikono michafu na vyombo vichafu.

Wifi akasogea mbele. "Na kama mama ametoka shamba?"

"Ni mazima."

"Na jua?"

"Hata jua."

"Na kama alikuwa na hasira?"

Yule muuguzi akacheka, akasema kama hasira ingeharibu maziwa, Malawi isingekuwa na watu. Mkalimani naye akacheka. Wifi hakucheka. Alikaa anatazama mikono yake, akauliza tena, na safari hii hakumwuliza mtu, "Basi haikukuwa mimi?"

Nilimshika. Tulitoka pale tukiwa tumeshikana kama wagonjwa. Njiani akafungua fundo la kikwembe, akanipa mtoto. "Umupeleke," akasema. Kikwembe akabaki nacho.

Sasa mtasema hapo njo mwisho mwema. Ngojeni. Nilifika Old Town na mtoto wangu mgongoni, nikaingia stoo, nikaketi, nikamweka kifuani, na mtoto akageuza uso. Nikamgeuza, akageuka. Nikalazimisha, akapiga kelele mashine zikanyamaza. Upande wa pili wa mkeka Madam Mdogo anamnyonyesha wake, na maziwa yake, kidogo kidogo, yalikuwa yameanza kurudi. Mtoto wa mwenzangu ananyonya namsikia anavyomeza. Wangu amekunja ngumi. Nilimpa uji kwa kijiko, nilijikamua nikampa kwa kikombe, alikunywa anatazama mlangoni. Siku zikapita hivyo, nikamlilia mume wangu kwa simu. Nilijua ziwa lisiponyonywa hukauka, na nilihisi kabisa kifua changu kinaanza kulegea. Nimepata chumba, nimempata mtoto, na ziwa linanitoroka. Niliona wivu kwa huyu aliyeketi nami kwenye mkeka mmoja, na huyu safari hii alinihurumia, jambo lililonichoma zaidi.

Mchana mmoja pazia likafunuliwa. Nikaona kwanza ndege wa manjano.

Wifi yangu alikuwa amesimama pale. Hakuwa amewahi kuja Lilongwe. Alishuka kwenye stendi akauliza Tsoka iko wapi kwa Kiswahili, watu wakamjibu kwa Chichewa, akafika. Ameshika kifua kwa mkono. "Bwana yako alisema mutoto hapendi kunyonya," akaniambia. "Huyu analia huku, na mimi kule ziwa imevimba. Sogea."

Akaketi goti kwa goti na mimi. Mtoto alipomwona akatupa miguu, ile baiskeli yake. Akampa ziwa. Mtoto akanyonya kama aliyetoka jangwani, na mi nikatazama, nikameza. Macho yake yakaanza kufumba. Hapo wifi akavuta kikwembe akatufunika sote wawili, kichwa chake na changu, giza la kijani. Akanong'ona, "Fungua." Akapenyeza kidole mdomoni mwa mtoto, akamtoa, akamsukuma kwangu.

Mtoto akashika. Akasita. Akafungua jicho moja. Akasukuma pua kwenye kile kikwembe, akanusa, akakikamata kwa vidole, kisha akaanza kunyonya. Alinyonya mpaka akasinzia, na nilihisi maziwa yanavyoshuka, na safari hii yalikuwa yanamshukia mwenyewe.

Wifi akatoka taratibu chini ya kitambaa. Akakiacha begani mwangu. "Usikifue," akasema. Nikampa kipande cha kitambaa cha sare ajifunge arudi nacho. Alipofika kwenye pazia akageuka akatutazama, na uso ule naujua. Ni uso wangu wa kila Jumamosi.

Yule mtoto mnamjua, ni yule mrefu anayepiga ngoma hapa mbele na kukosea. Ana mama wawili. Mmoja anamwita Mama. Mwingine anamwita Mama Ndege, na akianguka akaumia goti anamwita Mama Ndege kwanza. Mnataka niseme sioni wivu? Niko mbele ya madhabahu.

Namshukuru Madam Mdogo, aliyegombania chumba. Namshukuru mama wa vifungo kwa mgongo wake, na wenzangu wote wa mstari. Namshukuru mume wangu aliyepeleka habari bila kutumwa. Na ninyi mliofungua vyumba vya kushona hapa kambini, na nyinyi wenye saluni, wenye migahawa: mfanyakazi wako akijifungua usimwulize tu atarudi lini. Mwulize mtoto atanyonyea wapi. Si kitu kikubwa. Ni pazia, ni mkeka, ni rundo la kola za kesho. Na mama unayetoka safari, usimwagie vumbi. Vumbi halikui.

Sasa wifi, simama. Usijifiche nyuma ya mtu, wote wameishajua. Ndugu zangu, mnaona amebeba mtoto mchanga, wa kwake. Nilimwombea kazi palepale, anaanza Jumatatu, atashona mikono, na stoo ya nyuma ina mkeka mpya.

Nimekuja na kikwembe chako. Nimekifua mara moja tu, kijana wako alipokitapikia, unisamehe. Mbebee humo. Utaingia na mtoto mgongoni tangu siku ya kwanza. Hautakamua nyuma ya nyumba, na jino lake utaliona wewe wa kwanza, mwenye kuuza mandazi atalisikia kwako.

Nakuonea wivu, wifi yangu. Kuya ukichukue.